SOMO: DAWA YA NYWELE NA KONGOSHO

Msomaji, ukiona nywele zako zinaanguka, usikimbilie kumeza kidonge chochote. Kwanza ujue ginsi dawa inavyofanya kazi mwilini.

Kongosho ni nini? Ni kiungo kilicho nyuma ya tumbo la chakula. Lina kazi mbili: linatoa maji ya kuyeyusha chakula, tena linatia insulini katika damu, ili sukari iingie katika nyama ya mwili na kuupa nguvu.

Dawa za nywele si za namna moja. Minoksidili hupakwa kichwani. Finasteridi ni kidonge cha wanaume wenye upaa; Marekani iliikubali kwa kazi hiyo mwaka 1997. Lakini hapa tujifunze zaidi juu ya prednisoloni. Watu wengine hupewa hiyo nywele zikianguka vipande vipande, kwa sababu askari wa mwili wenyewe wanashambulia mizizi ya nywele.

Prednisoloni inatuliza askari hao. Lakini inafanya ini kutoa sukari nyingi, na inapunguza nguvu ya insulini. Basi kongosho linalazimishwa kufanya kazi ya watu wawili. Mwenye ugonjwa wa sukari, ao anayeuelekea, sukari yake inaweza kupanda sana. Alama ni hizi: kiu isiyoisha, kukojoa mara nyingi, kukonda.

Ufanye hivi:

1. Umwambie muganga kama wewe ao ndugu zako wana ugonjwa wa sukari. Damu ipimwe mbele ya kuanza dawa, na tena unapoitumia.

2. Usinunue sokoni vidonge visivyo na jina.

3. Ukiwa umeimeza majuma mengi, usiiache gafula. Tezi za mwili zimelala. Zinahitaji siku za kuamka. Muganga ataipunguza kidogo kidogo.

4. Maumivu makali juu ya tumbo, yanayofika mgongoni pamoja na kutapika, yanaweza kuwa kongosho limevimba. Mara nyingi sababu ni mawe ya nyongo ao pombe, lakini dawa fulani pia zinaweza kulivimbisha. Nenda hospitali siku ile ile, na uchukue vidonge vyako mkononi.

Upaa hauui mtu. Sukari isiyotunzwa inaua.

MAULIZO

Kazi mbili za kongosho ni zipi? Kwa nini prednisoloni inapandisha sukari? Kwa nini haifai kuiacha gafula?