Akili Mnemba na Pengo la Utafiti katika Fasihi ya Kiswahili

Makala haya yanadai kuwa akili mnemba huharakisha mapitio ya maandishi, lakini yaweza kumwonyesha mtafiti pengo lisilokuwepo. Mfano ni mwanafunzi wa uzamili mjini Machakos anayeichunguza Nagona (1990) ya Euphrase Kezilahabi. Kwa dakika chache, programu kama ChatGPT, iliyozinduliwa Novemba 2022, humpa mihtasari na kumpangia hoja za wahakiki. Hadi hapo hapana ubaya. Kazi ya juma zima imepungua.

Hata hivyo, programu hiyo hutegemea maandishi yaliyoingizwa katika kompyuta, ambayo kwa wingi ni ya Kiingereza. Sehemu kubwa ya uhakiki wa Kiswahili ingali katika tasnifu zilizopigwa chapa na matoleo ya zamani ya majarida, rafuni. Kisichokuwa mtandaoni, kwa programu hakipo. Mwanafunzi akiandika kwamba suala fulani "halijachunguzwa", huenda anaeleza upungufu wa chombo chake, wala si wa taaluma.

Aidha, programu huweza kubuni marejeleo: mhakiki maarufu, jarida halisi, makala yasiyowahi kuandikwa. Mwaka 2023, mawakili wawili wa New York na kampuni yao walitozwa faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha mahakamani kesi za kubuni zilizotokana na ChatGPT. Msimamizi wa tasnifu hatozi faini, ila aweza kudai kuiona nakala ya kila makala yaliyotajwa. Kutoka Machakos hadi maktaba za Nairobi ni kilomita 60 na ushei.