SOMO KWA MAKATIBU NA KAMATI: MATAIRI MAKUBWA KATIKA GARI LA CHAMA

Shabaha ya somo hili ni kuwawezesha makatibu, wajumbe wa kamati na wanachama kuamua kwa hesabu, wala si kwa macho, kama gari la chama liendalo njia mbaya lafaa kufungwa matairi na ringi kubwa kuliko zile lilizotoka nazo kiwandani.

Masika yakikaribia, ombi la namna hii hufika mbele ya kamati. Dereva hueleza kwamba gari hugusa chini makorongoni, au hukwama katika udongo mweusi wa mbugani. Ombi lake laweza kuwa la haki kabisa. Hata hivyo, tairi likibadilika ukubwa, hesabu za chama nazo hubadilika, na hapo ndipo penye hatari.

1. Kusoma namba za tairi

Chukua tairi lililoandikwa 265/70R16. Namba 265 ni upana kwa milimita. Namba 70 yaonyesha kwamba kimo cha ubavu ni asilimia 70 ya upana huo, yaani milimita 185.5. Namba 16 ni kipenyo cha ringi kwa inchi, sawa na milimita 406. Jumlisha ubavu wa juu, ubavu wa chini na ringi: kimo cha tairi zima ni milimita 777.

Sasa chukua 285/75R16. Kwa hesabu ile ile, kimo chake ni milimita 834. Tofauti ni milimita 57, yaani tairi jipya ni kubwa kwa asilimia 7.3.

Ubavuni huandikwa pia namba ya uwezo wa mzigo. Namba 112 maana yake tairi moja hubeba kilo 1,120. Namba 121 ni kilo 1,450. Tairi jipya lisiwe na uwezo mdogo kuliko la awali, hata likiwa na umbo kubwa. Aidha, tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT hutaja wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililokaa ghalani miaka mingi lisinunuliwe kwa bei ya jipya.

2. Faida yenyewe

Ekseli huinuka kwa nusu tu ya tofauti ya kimo. Katika mfano wetu, zile milimita 57 huinua gari kwa milimita 28 hivi, karibu upana wa vidole viwili. Kamati ijiulize: je, makorongo ya njia yetu yadai vidole viwili, au yadai jembe na sepetu?

Upana nao una mahali pake. Penye mchanga, tairi pana lililopunguzwa upepo kwa kiasi husaidia gari lisizame. Penye tope jembamba lililofunika ardhi ngumu, tairi jembamba hupenya na kushika chini vizuri zaidi. Mara nyingi dawa ya kukwama ni kashata nzuri na upepo wa kadiri. Ukubwa wa tairi huja baadaye.

3. Ringi

Ringi kubwa pekee haliinui gari. Tairi la 265/65R17 lina kimo cha milimita 776, karibu sawa kabisa na lile la 265/70R16. Kilichobadilika ni ubavu, ambao umepungua kutoka milimita 186 hadi 172. Kwenye mawe na mashimo, ubavu mfupi hulinda ringi kidogo zaidi.

Ringi pia haziazimwi ovyo baina ya magari. Land Rover Defender ya zamani ina nati tano, na Toyota Hilux ya magurudumu yote manne ina nati sita. Matundu ya moja hayalingani na ya nyingine. Hata matundu yakilingana, ringi linalosukuma gurudumu nje kupita kiasi huchosha beringi na kufanya usukani uwe mzito.

4. Mzigo kwa gari

Tairi kubwa ni zito, na ni kama kuongeza urefu wa kila gia. Injini hupanda mlima kwa taabu, na breki hufanya kazi kubwa zaidi kulisimamisha gari. Kabla ya kulipa, fundi afunge tairi moja la majaribio mbele, akate usukani hadi mwisho pande zote mbili, na kuhakikisha kwamba haligusi mudigadi wala springi, hata gari likiwa na mzigo. Na bajeti iwe ya matairi matano: la akiba lenye kimo tofauti laweza kuumiza difu na gia za gari livutalo kwa magurudumu yote.

5. Daftari la safari

Hapa makatibu wasome kwa uangalifu. Mita ya gari huhesabu mizunguko ya magurudumu, wala haijui kwamba tairi limebadilishwa. Gari likienda kilometa 1,000 za kweli, mita itaonyesha 932 tu.

Tuseme chama hukodisha gari kwa shilingi 2,000 kwa kilometa. Kilometa 68 hazitaandikwa, na chama kitapoteza shilingi 136,000 katika kila kilometa 1,000.

Tuseme tena kwamba gari lilikuwa likienda kilometa 8 kwa lita, nalo limetumia lita 125 kwa safari hizo. Daftari litasema kwamba kilometa 932 zilihitaji lita 116.5. Basi lita 8.5 zitaonekana zimeibwa, ingawa hakuna aliyeiba hata tone. Dereva mwaminifu aweza kufukuzwa kazi kwa kosa la hesabu.

Mwendo nao hudanganya: mshale ukisimama kwenye 80, gari linakwenda karibu 86.

Dawa ni mita kurekebishwa na fundi wa kazi hiyo. Isipowezekana, kilometa za mita zizidishwe kwa 1.073, au kwa kizidisho cha matairi yenu: kimo kipya kugawanywa kwa kimo cha zamani. Kizidisho hicho kihakikiwe kwa vibao vya kilometa vya barabara kuu, kisha kiandikwe ukurasa wa kwanza wa daftari pamoja na tarehe ya kubadilisha.

6. Uamuzi wa kamati

Muhtasari wa kikao utaje sababu ya kubadilisha, namba za matairi ya zamani na mapya, bei ya yote matano, maoni ya fundi, na kizidisho. Kampuni ya bima ijulishwe kwa maandishi. Matairi ya zamani ni mali ya wanachama. Yaandikwe katika daftari la mali mpaka yatakapouzwa kwa stakabadhi.

Maswali ya majadiliano

(a) Someni namba za matairi ya gari la chama chenu. Kimo chake ni milimita ngapi?
(b) Mkifunga tairi la 285/75R16, kizidisho chenu kitakuwa kipi?
(c) Katika mwaka uliopita gari lilikwama mara ngapi, na kila mara sababu ilikuwa kimo, kashata, upepo, au barabara yenyewe?