Dondoo Muhimu: Pikipiki ya Masafa Marefu Iliyotumika

Pikipiki ya masafa marefu iliyonunuliwa ikiwa imetumika isianze safari ya mbali kabla ya kukaguliwa, kwani nyingi huwa zimekaa muda mrefu bila kuendeshwa, na kukaa huko huharibu mpira, betri na vimiminika.

1. Soma umri wa tairi kabla ya kutazama kashata zake: tarakimu 4 za mwisho za namba inayoanza na herufi DOT huonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa, hivyo 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014, na tairi la umri huo libadilishwe hata likionekana jipya, kwa sababu mpira uliokauka haushiki lami yenye maji.

2. Badilisha mafuta yote ya breki, ambayo hunyonya unyevu wa hewani, kwa kuwa unyevu huo huchemka breki zinapopata joto kwenye mteremko mrefu kama wa Mlima Kitonga mkoani Iringa, Tanzania, na mkono wa breki hubonyea bila pikipiki kusimama. Usichanganye kamwe mafuta ya breki ya aina ya DOT 4 na ya DOT 5, ambayo ni ya silikoni.

3. Tumia oili yenye alama ya JASO MA, yaani iliyothibitishwa kwa klachi inayofanya kazi ndani ya oili ya injini. Oili ya gari huweza kuifanya klachi hiyo iteleze.

4. Legeza cheni iliyokazwa kupita kiasi, kosa linaloua beringi, na ufuate kipimo cha kitabu cha mwongozo.

5. Nunua masanduku na taa za ziada baada ya tairi na breki kukamilika.