SOMO: FEDHA ILIYOFICHWA NA THELUJI
Yoshua 7

Leo tutasoma habari ya Akani, tukiitazama pamoja na filamu moja ya Marekani, A Simple Plan, aliyoiongoza Sam Raimi mwaka 1998. Ni hadithi ya kutungwa, tena ina mauaji. Watoto wadogo wasiitazame.

Mambo yanatokea Minnesota, kaskazini mwa Marekani, ambako wakati wa baridi theluji hufunika mashamba na misitu. Siku ya mwisho ya mwaka, ndugu wawili, Hank na Jacob, pamoja na rafiki yao Lou, wanakuta msituni ndege ndogo iliyoanguka. Rubani amekufa. Ndani mna mfuko wenye dola milioni 4.4.

Tumwangalie Hank, maana si mwizi. Ana kazi, na mke wake Sarah ana mimba. Kwanza anataka polisi waarifiwe. Wenzake wanambembeleza, naye anakubali kuzitunza hadi theluji iyeyuke. Kama hakuna anayezitafuta, wagawane. Nyumbani anamwuliza mkewe: ungeokota fedha nyingi namna hii, ungefanyaje? Sarah anajibu vema kwamba angezirudisha. Hank anazimwaga mezani. Tangu hapo Sarah ndiye mwenye kupanga mashauri.

Sisi tulioacha nyumba na mashamba tunaijua sauti ile isemayo, ni kwa ajili ya watoto. Ni sauti nzuri, ndiyo maana inaingia bila kubisha hodi.

Siri ya kwanza inadai ya pili. Mzee anapita karibu na ndege, anauawa asije akasema. Baadaye Lou anakufa, na mkewe pia. Mwishowe Jacob, amechoka na dhambi hiyo, anamsihi Hank amwue, naye anampiga risasi ndugu yake wa tumbo moja. Ndipo Hank anaambiwa kwamba namba za baadhi ya noti zimeandikwa. Anazitia zote motoni, nyumbani mwake.

Akani naye alifukia vyake hemani. Hema lilikuwa la jamaa nzima, na watoto wake waliangamia pamoja naye.

Wazazi, someni sura hii jioni, kisha mwulizane: Hank angaliweza kurudi nyuma wakati gani? Na je, kimo kitu nyumbani mwetu ambacho tumemkataza mtoto asikitaje kwa jirani?