Amri ya Nne na Kisu cha Desemba



Wapendwa vijana, leo tusome Efe 6:1-4 na 1 Kor 6:19-20. Chukua Biblia yako usome kwanza, halafu tuendelee.

Nawalea vijana wa TYCS huku Tarime, na kila shule zikikaribia kufungwa naulizwa jambo lile lile: "Mwalimu, Mungu amesema nimheshimu baba na mama. Sasa baba anataka nikeketwe. Nikikataa, si natenda dhambi?"

Shinikizo linatoka wapi?

Kwetu Wakurya, msimu wa tohara ni Desemba, shule zikiwa zimefungwa. Wazee wa mila wa koo wakishatangaza, kila nyumba inaangaliwa. Binti asiyekeketwa anaitwa msagane, na hilo ni tusi. Anaambiwa hataolewa, au ng'ombe wa mahari watakuwa wachache. Akishakeketwa anahesabiwa mtu mzima, na wachumba wanaanza kubisha hodi hata kama yuko darasa la saba. Akirudi shuleni hajakeketwa, wenzake wanamcheka. Yaani presha iko nyumbani, na darasani ipo.

Madhara yake tunayajua: kuvuja damu, maambukizi, shida wakati wa kujifungua, hata kifo. Wengine wanaacha shule. Na kuna kidonda cha moyoni: kukumbuka kwamba aliyekushika ni mama yako.

Mungu anataka utii gani?

Wengi wanaishia mstari wa 1. Lakini hata pale Paulo anasema utii huo uwe katika Bwana, na mstari wa 4 anawageukia akina baba, wasiwachokoze watoto wao. Katekisimu namba 2217 iko wazi: mtoto akisadiki katika dhamiri kwamba agizo fulani ni ovu, asilitii. Mwili wako ni hekalu la Roho Mtakatifu. Kukataa kisu si kumdharau baba. Endelea kumwamkia, kuchota maji, kumsikiliza. Ila hapo kwenye kisu, hapana.

Mtakatifu Thomas wa Akwino alifungiwa na ndugu zake karibu mwaka mzima ili aache kujiunga na Wadominiko. Hakuacha. Leo ndiye msimamizi wa wanafunzi.

Tufanye nini?

1. Binti, sema mapema, usingoje Desemba. Mwambie paroko, sista, mwalimu unayemwamini au dawati la jinsia la polisi. Namba 116 ya watoto ni bure. Tarime kuna kituo cha Masanga, na Serengeti kuna nyumba salama Mugumu.

2. Kaka, presha hii inasimama juu ya maneno yako. Sema hadharani kwamba utaoa binti asiyekeketwa, na usimcheke mwenzako.

3. Wazazi, tangu 1998 sheria inamfunga miaka 5 hadi 15 anayemkeketa au kusababisha akeketwe binti wa chini ya miaka 18. Lakini kabla ya sheria, huyo ni mwanao uliyempeleka kubatizwa.

Tafakari: Je, nani kikundini kwetu anaogopa kurudi nyumbani likizo hii? Nimemuuliza?

Tusali: Ee Yesu, uliyewatii Maria na Yosefu kule Nazareti, uwape binti zetu ujasiri, na wazazi wetu mioyo ya kuwasikiliza. Amina.