Msipande Muhogo wa Aina Moja Tu

Ninyi wenye mashamba karibu na migodi, sikilizeni. Kazi ya mgodi yaweza kusimama na mshahara kukatika. Siku ile nyumba italishwa na shamba. Basi jifunzeni neno hili juu ya mihogo.

Ukikata kipande cha mti wa muhogo na kukipanda, mti mpya ni sawasawa na mama yake. Mama akiwa na nguvu, nao una nguvu. Mama akiwa na ugonjwa, nao una ugonjwa. Kwa hiyo, shamba la aina moja ni kama mti mmoja: ugonjwa unaoshinda mmoja utashinda yote.

Watu wa Uganda waliyaona haya. Upande wa mashariki wengi walipanda aina moja, jina lake Ebwanateraka. Tangu mwisho wa miaka ya 1980 ugonjwa mkali wa mozaiki ulienea katika inchi ile. Majani yalikunjamana na kuwa na mabaka ya manjano, mizizi ikawa midogo. Ebwanateraka iliharibika karibu yote, na njaa ikaingia. Kiisha ugonjwa ule ulifika Kongo pia.

Msaada ulitoka wapi? Ulitoka katika miti ya namna nyingine. Katika miaka ya 1930, huko Amani, Tanganyika, wataalamu walizalisha muhogo pamoja na mti wa mpira ulio ndugu yake, ambao mizizi yake hailiwi. Katika watoto wao, wengine waliweza kushindana na mozaiki. Mbegu za uzao ule zilipelekwa Nigeria, na huko ikapatikana mihogo yenye nguvu iliyofika inchi nyingi.

Lakini muhogo uliostawi mahali pengine waweza kushindwa kwenu. Katanga mvua hukatika miezi mitano na zaidi. Aina za wazee wenu zimekwisha kuzoea ukavu huo na udongo wenu.

Basi fanyeni hivi:

1. Pandeni aina tatu au nne, kila moja mistari yake.

2. Chagueni miti ya kukata wakati majani yangali mabichi. Yenye mabaka msiikate.

3. Aina mpya ijaribuni kwanza kando ya ile ya zamani. Pimeni mizizi ya zote mbili.

4. Aina ya zamani msiitupe yote. Bakizeni mistari michache.

Akiba haiozi.