Kuusoma Mwenendo wa Kichaa cha Mbwa kwa Picha ya Hali

Nyangoto, wilayani Tarime, ni jirani ya wilaya ya Serengeti, ambako watafiti walifuatilia kichaa cha mbwa kutoka mnyama mmoja hadi mwingine. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2009, yalionyesha kuwa pasipo chanjo mbwa mmoja mwenye kichaa huambukiza kwa wastani mbwa 1.2 hivi. Kwa hesabu hiyo, ugonjwa hauwezi kuenea iwapo mbwa zaidi ya 17 katika kila 100 wana kinga. Mbona basi Shirika la Afya Duniani hushauri kuchanja 70? Jibu huonekana katika picha ya hali, mbinu iliyoasisiwa na Mfaransa Henri Poincaré katika miaka ya 1880.

Grafu ya kawaida huonyesha idadi ya wagonjwa kadiri siku zinavyopita. Picha ya hali haina mhimili wa siku. Mhimili mlalo hubeba idadi ya mbwa wasio na kinga. Mhimili wima, idadi ya mbwa wagonjwa. Hali ya kijiji kizima kwa siku moja huwa nukta moja, nayo husogea kadiri hali inavyobadilika.

Hatua ya pili ni kuchora kizingiti. Katika kijiji cha mfano chenye mbwa 1,000, mstari huo husimama wima penye mbwa 833 wasio na kinga, yaani 1,000 kugawanya kwa 1.2. Kushoto kwake mishale huelekea chini: kila mgonjwa huambukiza chini ya mbwa mmoja, na ugonjwa huzimika. Kulia, mishale huelekea juu.

Chanjo huisukuma nukta kushoto. Vifo vya mbwa waliochanjwa na kuzaliwa kwa wengine huirudisha kulia polepole. Ikichukuliwa kuwa nusu ya wenye kinga hupotea kila mwaka, kati ya 700 waliochanjwa hubaki 350 baada ya mwaka mmoja na 175 baada ya miwili. Nukta ingali kushoto. Wakichanjwa 300 tu, mwaka unapokwisha wamebaki 150, pungufu ya 167 wanaohitajika. Nukta imekwisha kuvuka.

Katika muda wote huo huenda pasiwepo mbwa mgonjwa hata mmoja. Grafu ya kawaida itaonyesha sifuri kwa kampeni zote mbili. Picha ya hali huzitenganisha sifuri hizo: ya kushoto ni usalama, ya kulia ni kungoja mbwa mmoja mwenye kichaa aingie kutoka kijiji jirani.

Kwa hiyo kampeni ya chanjo haifai kuahirishwa kwa hoja kwamba mwaka huu hakuna aliyeng'atwa. Na anayeng'atwa aoshe jeraha papo hapo kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha awahi kituo cha afya apate chanjo, kwani dalili zikishaanza ni nadra sana mtu kupona.